NEHEMIA MBELE YA MFALME
Somo juu ya imani ya mtu na mapatano ya mataifa

Somo letu la mara hii lina mafungu mawili ya kusoma: Nehemia 1:1 hadi 2:10, na 2 Wafalme 5:15-19. Tafadhali yasomeni nyumbani kwanza, maana hatutayaandika hapa.

Somo hili limetokana na swali. Jioni moja ya Kwaresima, katika kujifunza Biblia hapa kwetu Visiga, tulikuwa tumefika sura ya pili ya Nehemia. Mzee mmoja, dereva mstaafu aliyeendesha malori miaka mingi katika njia hii ya Morogoro, akauliza: "Huyu Nehemia alikuwa mtu wa ikulu. Je, alifanikiwa kwa sababu alisali, au kwa sababu alijua namna ya kusema na wakubwa?" Kabla hajajibiwa, kijana mmoja akadakia kwamba hata Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa sala, na kwamba shuleni kwao walibishana kama aliitambua Biafra kwa sababu ya Ukristo wake. Hapo kila mtu akataka kusema, na chai ya akina mama ikapoa vikombeni. Tuliagana bila jibu, tukaahidi kuandika. Ahadi ni deni.

Tuanze na Nehemia mwenyewe. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, yaani mtu wa karibu mno, ambaye mfalme aliweka uhai wake mikononi mwake kila alipokunywa. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu. Hakukimbilia kwa mfalme. Alilia, akafunga, akasali, na miezi kama minne ikapita. Ilikuwa mwezi wa Nisani ndipo mfalme alipomwona amekunja uso, akamwuliza ana nini.

Sasa angalieni mstari wa nne na wa tano. Mfalme auliza, Nehemia amwomba Mungu, Nehemia amjibu mfalme. Baina ya swali na jibu pana sala, tena fupi hata mfalme hakuitambua. Kiswahili chetu chatusaidia hapa, maana neno ni lile lile moja: aliomba kwa Mungu, kisha akaomba kwa mfalme.

Na kwa mfalme aliomba nini? Hakumhubiria. Alitaja muda wa safari yake. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango na ya ukuta. Kwa maneno yetu ya leo, aliomba likizo, hati ya kusafiria na kibali cha mbao. Mtu aliyesali miezi minne alikuwa pia amekwisha kupiga hesabu ya mbao! Basi mzee wetu dereva aliuliza vema, lakini twaona kwamba Maandiko hayatenganishi yale mambo mawili aliyoyatenganisha yeye.

Lakini msipite haraka mstari wa tisa. Nehemia hakwenda na barua peke yake. Mfalme alimpa maakida wa jeshi na wapanda farasi. Imani ilikwenda njia moja na askari. Jambo hili latusumbua, na historia ya Kanisa letu pia inalo.

Waanglikana wengi wa pwani hii twajihesabu kuwa wajukuu wa Unguja. Mwezi wa Januari 1873 alifika huko mjumbe wa Malkia wa Uingereza, Sir Bartle Frere, kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Frere alikuwa mcha Mungu wa kweli na mpenzi wa kazi ya misioni. Baadaye alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury barua ndefu juu ya kazi hiyo katika Afrika ya Mashariki, zikachapwa kitabu mwaka 1874. Sultani alikataa. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu yake, na biashara ile ilikuwa mapato yake. Frere akaondoka mikono mitupu. Kilichomaliza shauri kilikuwa tishio, lililopelekwa na balozi John Kirk, kwamba manowari za Kiingereza zitaifunga Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi, na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pale pale palipokuwa soko.

Sisi hatusikitiki kwamba soko lile lilifungwa. Kila tuingiapo Mkunazini twamshukuru Mungu. Lakini tusijidanganye tukafundisha watoto kwamba Sultani alishindwa kwa sala za Frere. Alihesabu merikebu. Na wale waliomlazimisha hawakukomesha utumwa wenyewe pale pale. Unguja watumwa hawakupata sheria ya kuwaweka huru mpaka mwaka 1897, na wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Waingereza. Imani ya mtu yaweza kuwa safi, na gari inalopanda likawa la mtu mwingine, mwenye safari yake.

Sasa tuje kwa Mwalimu. Twajua jinsi alivyobatizwa akiwa kijana, mwezi wa Desemba 1943, akaitwa Julius; jinsi alivyozoea kwenda Misa alfajiri hata alipokuwa Rais; na jinsi katika uzee wake alivyozitia Injili katika utenzi wa Kiswahili. Hakuwa wa Kanisa letu, alikuwa Mkatoliki, nao wenzetu wa Musoma walianza mwaka 2005 kuyachunguza maisha yake ili kuona kama aweza kutajwa mtakatifu. Sisi twamtaja hapa kama raia na kama mfano wa somo, maana hakuna kiongozi wa nchi hizi ambaye imani yake na siasa yake ya mambo ya nje zimeulizwa pamoja mara nyingi kama yeye.

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, jimbo la mashariki la Nigeria lililojitenga mwaka uliotangulia. Ilikuwa ajabu. Mtu huyu huyu ndiye aliyetoa hoja Cairo, mwezi wa Julai 1964, kwamba nchi za Afrika ziiheshimu mipaka zilizoachiwa na wakoloni, na nchi yake yenyewe ilikuwa muungano wa miaka minne tu. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata mwezi wa Mei. Nchi nyingine za Afrika zilikasirika. Watu wakasema: Waibo wa Biafra ni Wakristo, wengi wao Wakatoliki, Nigeria ya kaskazini ni ya Waislamu, Nyerere ni Mkatoliki, basi hesabu imekwisha. Maneno hayo yalisemwa wakati ule, na hapa Pwani bado twayasikia kwa jirani zetu, tena kwa uchungu. Si haki kuyapuuza, maana sisi na wao twachota maji kisima kimoja.

Yeye alijieleza vingine. Alisema dola ipo kwa ajili ya watu. Mwaka 1966 Waibo wameuawa kwa maelfu huko kaskazini, zaidi ya milioni moja wamekimbilia kwao, na serikali yao haikuwalinda. Watu waliokataliwa na nchi yao hawawezi kulazimishwa kwa bunduki kuipenda. Aliwafananisha na Wayahudi waliotaka pa kukaa salama baada ya mateso yao Ulaya. Msomaji wa Biblia ataona upesi mzizi wa mawazo hayo: ni yale Bwana wetu aliyosema juu ya Sabato na mwanadamu katika Marko 2:27. Kwa hiyo tukiulizwa kama imani yake ilikuwamo katika uamuzi ule, jibu letu ni ndiyo, ilikuwamo. Lakini swali la jirani zetu ni jingine. Wao wauliza kama ilikuwamo kama dhamiri, au kama bendera ya kundi.

Namna moja ya kupima ni kumtazama aliyekuwa upande wa pili. Jenerali Yakubu Gowon, mkuu wa Nigeria aliyepigana na Biafra, alikuwa Mwanglikana, mtoto wa mwinjilisti wa misioni ya CMS, aliyelelewa Wusasa karibu na Zaria. Kumbe Wakristo walikuwa pande zote mbili, na huyu wetu ndiye aliyefunga njia ya chakula, watoto wengi wa Biafra wakafa kwa njaa! Tena ni huyo huyo, vita vilipokwisha Januari 1970, aliyetangaza kwamba hapakuwa na mshindi wala mshindwa, akawarudisha Waibo katika Nigeria bila kesi za kulipiza kisasi. Hatujui sehemu gani ya maisha yake tumwekee Gowon mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Labda zote mbili.

Namna ya pili ya kupima ni kuuliza kama mtu asimamapo na watu wa dini yake husimama vile vile na wasio wa dini yake. Hapa Mwalimu anayo ya kujitetea. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja ubalozi na Israel, ikawapa Wapalestina nafasi Dar es Salaam. Mwaka 1978 iliitambua nchi ya Wasahrawi, ambao ni Waislamu, katika ugomvi wao na Morocco. Na mapema zaidi, Desemba 1965, ilivunja ubalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Wakubwa wa Uingereza walikuwa Wakristo, tena malkia wao wakati ule ndiye aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, lililotuzaa sisi. Mtu wa bendera ya kundi asingefanya hesabu hizo.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, juu ya Biafra alikosea jambo moja, nalo si dogo. Alifikiri kutambua kwake kungeisukuma Nigeria ifanye mapatano. Vita viliendelea karibu miaka miwili tena, na Biafra ikashindwa. Dhamiri yake ilikuwa imekwisha kusema, lakini hesabu ya mbao haikufanywa vizuri.

Mfano wa tatu tutaupitia upesi, ingawa wastahili somo lake peke yake. Mwaka 1971 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao Nairobi, pamoja na Baraza la Makanisa la Ulimwengu, lilipeleka wajumbe Khartoum kuzungumza juu ya vita vya Sudan vya kaskazini na kusini. Mazungumzo yenyewe yalifanyika Addis Ababa, mwezi wa Februari 1972, na aliyekaa katikati ya pande mbili alikuwa Kanoni Burgess Carr, Mwanglikana wa Liberia, katibu mkuu wa Baraza lile la Nairobi. Hebu fikirini: serikali ya Waislamu kukubali kasisi wa Kikristo awe mwamuzi wa maneno! Carr hakuficha kwamba yeye ni kasisi. Alisema nao kwa Biblia na kwa Kurani, kila upande ukasikia maneno ya kitabu chake. Mkataba ulifikiwa tarehe 27 Februari 1972, na bunduki zilinyamaza muda wa miaka kumi na moja. Mwaka 1983 Rais Nimeiry aliuvunja, akaigawa kusini na kuiwekea sheria ya Kiislamu, vita vikaanza upya. Wako wasemao kazi ya Carr ilikuwa bure. Watoto waliozaliwa kusini kati ya 1972 na 1983, wakasoma shule bila kukimbia porini, wasingesema hivyo.

Sasa tuje Arusha, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili lilipita mlangoni kwetu. Mwaka 1996 Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu urais zaidi ya miaka kumi, alikuwa msuluhishi wa Burundi. Alikwisha kuwakutanisha Mwanza. Mwezi wa Julai Meja Buyoya akatwaa serikali kwa nguvu ya jeshi, na nchi jirani zikakutana Arusha zikaifungia Burundi biashara. Wazee wetu wanakumbuka mizigo ya Bujumbura ilivyosimama katika njia hii tunayoivuka kila siku kwenda kanisani. Basi hapa napo palikuwa na maakida na wapanda farasi wa mfalme, kwa sura nyingine. Buyoya na watu wake walimwita Mwalimu mtu wa upande mmoja. Wengine, si watu wa Buyoya tu, walisema vikwazo vyaumiza maskini kuliko wakubwa. Neno hilo lilikuwa na ukweli, na mwezi wa Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa.

Lakini angalieni ilikuwa nchi gani. Burundi si nchi ya wapagani wala ya dini mbili zinazogombana. Warundi walio wengi wamebatizwa, Wahutu na Watutsi, wengi katika Kanisa moja la Kikatoliki. Walioua walijua Baba Yetu, na waliouawa pia. Septemba 1996 Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa njiani. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, wakawaamsha vijana, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana walikataa kutengana. Wakauawa 40.

Twaomba msomaji asimame hapo kidogo. Sisi wa Visiga tunayo seminari ya wenzetu Wakatoliki jirani, twawaona vijana wale na madaftari yao, twawasikia wakiimba. Wale wa Buta walikuwa umri huo huo. Hawakuketi meza ya mkutano wala hawakuitwa mabalozi, lakini usiku ule waliulizwa swali lile lile ambalo wakubwa waliulizwa Arusha: je, wewe ni wa upande gani? Nao walijibu kabla ya wakubwa kujibu.

Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998. Vilikuja vyama 17, pamoja na serikali na bunge lao, jumla makundi 19, kila moja na malalamiko yake tangu mauaji ya 1972 na kabla yake. Mwalimu aliwagawa katika kamati, na kamati ya amani na usalama akampa padre mmoja wa Kiitalia, Matteo Zuppi, wa jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, iliyokuwa imesuluhisha vita vya Msumbiji mwaka 1992. (Padre huyo leo ni Kardinali.) Kamati nyingine alizikabidhi watu wengine, maana hakutaka usuluhishi uwe kazi ya makasisi. Mwalimu alikuwa na miaka 76, naye alikaa akisikiliza historia ile ile ikisimuliwa na makundi 19 kwa namna 19. Aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa shamba wa ndugu wawili tu ajua uchovu wake!

Twaamini hapo ndipo imani yake ilipoonekana wazi kuliko pale Biafra, ingawa hakukuwa na tangazo la kushangaza ulimwengu. Mwaka 1968 alikuwa amesema neno, akamwachia mwingine alipe. Mara hii alikaa na watu waliomtukana, akarudi kesho yake. Hata sasa hatusemi kwamba asiye na dini hawezi kuvumilia hivyo; wako waliovumilia. Twasema tu kwamba kwa mtu huyu twajua uvumilivu wake ulikochotwa, kwa kuwa tulimwona akienda kuchota kila alfajiri.

Hakuuona mwisho. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Mandela akachukua kazi yake, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Makundi mawili makubwa ya wapiganaji hayakuwamo katika mkataba ule, na vita viliendelea miaka kadhaa zaidi. Mwaka 2015 damu ilimwagika tena Bujumbura, na wakimbizi wakaja tena Kigoma. Nehemia naye, someni sura ya kumi na tatu, alijenga ukuta, akaenda kwa mfalme, akarudi, akakuta mambo yameharibika, hata mpinzani wake Tobia amepewa chumba ndani ya nyumba ya Mungu. Akavitupa vyombo vyake nje, akaanza upya.

Kwa mkutano ujao wa kujifunza, tunawaomba mje na fungu la pili, lile la Naamani. Huyu alikuwa jemadari wa Shamu, aliyeponywa ukoma, akaamua kumwabudu Mungu wa Israeli peke yake. Lakini kazi yake ilimlazimu kuingia na mfalme wake katika nyumba ya Rimoni, mfalme akiegemea mkono wake, naye ainame pamoja naye. Aliomba asamehewe kwa jambo hilo moja. Elisha hakumkemea wala hakumwambia aache kazi; alimwambia aende kwa amani. Je, Elisha alimlegezea? Kama mtoto wa mtaa huu angekuwa balozi wa nchi yetu ugenini, ni mahali gani angeweza kuinama pamoja na mkubwa wake, na ni mahali gani angepaswa kukataa kama vijana wa Buta?

Tumemwomba mzee wetu dereva aanze kujibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuletea shauri hili. Amekubali, ila amesema safari hii chai itangulie.